Mwanamazingaombwe na Jina Lake: Kiinimacho, Uganga na Jukwaa katika Njombe na Makambako

Katika historia ya sanaa za maonyesho nchini Tanzania, ngoma, tamthilia na taarabu zimeandikiwa vitabu. Mwanamazingaombwe amebaki mlangoni, akitajwa kwa nusu sentensi baada ya wanasarakasi. Mhadhara huu unakusudia kumtazama kwa njia ya jina lake, kwa kuwa naamini lugha ya Kiswahili imemtendea hisani ambayo lugha kadhaa za Ulaya hazikumtendea, na kwamba hisani hiyo ina uzito wa pekee katika nyanda za Njombe na Makambako.

Kiingereza hutumia neno lilelile kwa mtu anayetoa sungura ndani ya kofia na kwa mtu anayeaminiwa kuwadhuru jirani zake kwa nguvu za giza. Kifaransa na Kijerumani navyo vina mkanganyiko huo. Kiswahili kimetenga. Uchawi na uganga ni nomino za ngeli ya U-, nazo hutaja uwezo unaodaiwa kukaa ndani ya mtu au ndani ya dawa. Kiinimacho ni neno la namna nyingine kabisa. Kiini cha jicho ni mboni. Hivyo neno lenyewe linatuelekeza kwenye jicho la mtazamaji, kwamba huko ndiko jambo linakotendeka. Katika mazingaombwe nako husikika kitenzi zinga, yaani zunguka: mtazamaji anazungushwa. Maneno yote mawili yamo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981. Kutokana na hilo la pili tumepata mwanamazingaombwe, kwa kigezo cha mwanamuziki na mwanasarakasi. Hili ni jina la kazi. Sijapata kumsikia mtu akisema "mwanauchawi".

Kazi hiyo ilipataje jukwaa? Baada ya kuundwa kwa wizara ya utamaduni mwaka 1962, serikali ilianzisha kikundi cha ngoma cha taifa, na mwaka 1965 vijana wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza sarakasi. Vikundi vya taifa vilipovunjwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kuanzishwa mwaka 1981, uwanja ulikuwa umekwisha kuhamia kwa watu binafsi. Katika miaka ya 1980 vikundi vya utamaduni vya Dar es Salaam, Muungano cha Norbert Chenga kikiwa miongoni mwa vilivyovuma, vilifanya maonyesho katika kumbi za vileo kwa kiingilio. Usiku mmoja ulichanganya ngoma, vichekesho, maigizo, sarakasi, ngoma ya nyoka na mazingaombwe. Hapo ndipo tulipokuwa na kile ambacho Paris ingekiita kabaree, ingawa mashabiki wetu walikuja na kanga na chupa ya bia bila kulihitaji jina hilo.

Lakini ukumbi wa jiji haukuwalisha wote. Wengi waliishi kwa safari, na mhadhiri yeyote aliyesoma shule ya msingi nchini humu anakumbuka siku mwalimu alipotangaza kwamba kesho kila mtoto alete sarafu ya kuona mazingaombwe. Karatasi iligeuka noti. Viwembe vilimezwa, vikatoka vimetungwa kwenye uzi. Siri ya hila ya kwanza ni kwamba noti ilikuwa mkononi tangu mwanzo, na jicho lilikuwa likiufuata mkono mwingine, ule unaocheza. Kwa msafiri wa namna hiyo Makambako ni mahali pa lazima. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, inapita hapo. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapo. Na hapo ndipo inapochepuka barabara ya Njombe na Songea.

Njombe ina kumbukumbu yake kuhusu risasi na ahadi. Mwezi Septemba 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, wapiganaji wa mtawala Mbeyela wa Ubena waliishambulia misheni ya Yakobi. Imani iliyoenezwa tangu Ngarambe, kwa Kinjikitile, ilikuwa kwamba maji ya dawa yangezifanya risasi za Wajerumani kuwa maji. Hazikuwa maji. Nusu karne kabla yake, mwaka 1856, serikali ya Ufaransa ilimtuma Algeria Jean-Eugène Robert-Houdin, fundi saa aliyekuwa mwanamazingaombwe mashuhuri wa Paris, ili apunguze ushawishi wa viongozi wa dini waliodaiwa kutenda miujiza. Mbele ya hadhira ya Algiers alipigwa risasi iliyotiwa alama, akaionyesha imenasa ndani ya tufaha. Risasi yake ilikuwa hila, za Yakobi zilikuwa za kweli. Na ukoloni ulizitumia zote mbili kwa kusudi moja. Hata hivyo Robert-Houdin anaandika katika kumbukumbu zake kwamba watazamaji walielezwa baadaye, kupitia wakalimani, kuwa yote yalikuwa ustadi wa mikono. Tukiikubali kauli yake, walielezwa kwamba ni kiinimacho.

Sheria haikuufuata utengano huo wa lugha. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo leo ni Sura ya 18, inauhesabu kuwa uchawi hata ule wa kujidai tu kuwa na nguvu za siri. Kwa hiyo mwanamazingaombwe anayenuia maneno na kuwaambia watoto kwamba anatumia dawa ya babu anasogea kwenye mpaka ambao jina lake lilikuwa limemwekea mbali. Sidhani kwamba huo ni utani usio na madhara. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019 watoto kadhaa waliuawa mkoani Njombe katika matukio yaliyohusishwa na imani za kishirikina, na waganga wa kienyeji wakakamatwa. Katika wilaya ambazo wazazi walilazimika kuwasindikiza watoto wao shuleni, mgeni mwenye sanduku la vifaa visivyoeleweka alihitaji kuitwa kwa jina sahihi kabla hajalifungua, na mwenye wajibu wa kwanza wa kulitamka alikuwa yeye mwenyewe.