Betri ya gari sebuleni: hesabu ya miaka ile

Wasomaji, leo naweka programu kando nizungumzie betri.

Miaka ya 1980 na 1990, nyumba nyingi za Kenya zisizo na umeme, huku kwetu Garissa zikiwemo, zilitegemea betri ya gari kwa taa na televisheni. Mfaransa Gaston Planté alibuni betri ya risasi mwaka 1859, lakini hii ya gari imeundwa kwa kazi moja: kuwasha injini.

Hebu tupige hesabu. Starta ikivuta ampea 200 kwa sekunde 3, imekula ampea-saa 0.17 tu. Televisheni ya wati 15 kwa saa 4 ni wati-saa 60. Gawa kwa volti 12, unapata ampea-saa 5. Jioni moja ni sawa na kuwasha gari mara 30! Pleti zake nyembamba hazivumilii hayo, na joto letu huzimaliza upesi.

Mwaka 2019 Garissa ilizindua mtambo wa jua wa megawati 50. Hata hivyo, kwa aliye mbali na nyaya hesabu haijabadilika: nunua betri ya sola, yenye pleti nene, na ikiandikwa ampea-saa 50, panga matumizi ya 25 tu. Pesa yako itadumu.