Leo tarehe ngapi?

Ukiulizwa hivyo, unajibu namba ya siku tu; mwezi hufuata nyuma: tarehe tisa, mwezi wa kumi na mbili. Programu kongwe za ujumbe zilizofuata mtindo wa Marekani hutanguliza mwezi, na hapo Uhuru wa 1961, yaani 9/12, unahamia Septemba 12. Kimyakimya! Afadhali Muungano, 26/4: mwezi wa 26 haupo, kosa linajitangaza lenyewe. Saba Saba, inayojaza watu Barabara ya Kilwa kule Temeke, haina shida, wala Nane Nane, zigeuze utakavyo. Anayetunza kumbukumbu aandike jina la mwezi, au aanze na mwaka: 1961-12-09. Saa msiniulize. Saa mbili asubuhi ya Kinondoni, kompyuta inaiita nane.