Ushuru, Mpaka na Mkulima katika Afrika ya Mashariki

Neno "ushuru" asili yake ni Kiarabu, nalo lahusiana na sehemu ya kumi. "Forodha" latokana na neno la lugha hiyohiyo lenye maana ya mahali pa kupakulia shehena. Yote mawili yaliingia kwa mlango wa bahari, nayo yalimhusu mwenye chombo kuliko mwenye jembe. Karne ya 20 ndiyo iliyoyafikisha shambani.

Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao mwaka 1917. Tanganyika ikafuata, na kufikia 1927 bidhaa zilipita baina ya nchi hizo tatu pasipo kutozwa. Lakini uhuru huo haukuwafaa wote sawasawa. Ngano na siagi za ng'ambo zilitozwa ushuru mkubwa ili kuwalinda walowezi wa Kenya. Mnunuzi wa Tanganyika akalipia unga wa jirani bei ya juu, na hazina ya nchi yake ikakosa mapato ambayo yangalipatikana bandarini. Manung'uniko hayo, pamoja na yale ya viwanda kukusanyika Kenya, yaliendelea hata baada ya uhuru. Mkataba wa 1967 uliweka kodi ya uhamisho ili kulinda viwanda vya nchi zilizo nyuma. Hata hivyo Jumuiya ilivunjika mwaka 1977.

Jumuiya ya pili ilianzishwa kwa mkataba wa 1999, na Umoja wa Forodha ukaanza tarehe 1 Januari 2005. Ushuru wa ndani uliondolewa kwa hatua, lakini mpaka haukuondoka. Mwaka 2011 Tanzania ilizuia mahindi yasiuzwe nje, kwa kuhofia upungufu wa chakula. Machi 2021 Kenya nayo iliyazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti.

Amri ya namna hiyo haiwaumizi wote kwa kadiri moja. Mfanyabiashara mwenye ghala aweza kungoja. Mkulima mdogo, mwenye karo ya kulipa na deni la mbolea, hulazimika kuuza papo hapo, bei ikiwa imeshuka; na ng'ambo ya mpaka mlaji hununua unga ghali. Basi kufutwa kwa ushuru peke yake hakumhakikishii mkulima soko. Ahitaji pia ghala, vipimo vya ubora vinavyokubaliwa pande zote, na kujua kabla ya kupanda kwamba njia itakuwa wazi wakati wa mavuno.