Presha ya Macho si Presha ya Damu

Kibondo na Kasulu, kama kwingineko Tanzania, mtu akisema ana presha, hakuna anayemuuliza presha ya nini. Ni ya damu. Ikiongezwa "ya macho", ugonjwa unakuwa mwingine kabisa: glakoma, ambayo mabango ya hospitali huiita pia shinikizo la macho. Mtu anaweza kuwa na presha ya damu bila ya macho, au ya macho bila ya damu. Wapo pia wenye zote mbili, na kwa kuwa presha ya damu ya muda mrefu huharibu figo, baadhi yao wana pia ugonjwa wa tatu, wa figo.

Jina la kimataifa lina asili ya Kigiriki, kutokana na neno la rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu. Halimwambii mgonjwa lolote. La Kiswahili linamwambia zaidi. Ndani ya jicho hutengenezwa maji yasiyo machozi, ambayo hutoka kupitia chujio dogo kwenye kona ya mbele ya jicho. Maji yasipotoka vizuri, shinikizo hupanda na neva inayopeleka picha kwenye ubongo huanza kufa. Kwa kawaida shinikizo hilo ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Hata hivyo wapo wanaopata glakoma shinikizo likiwa ndani ya kiwango hicho, na hapo ndipo jina la Kiswahili linapopungukiwa.

Glakoma nyingi haziumi. Kuona kwa pembeni hutangulia kupotea, na kilichopotea hakirudi, tofauti na mtoto wa jicho ambaye akifanyiwa upasuaji mtu huona tena. Utafiti uliofanyika Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000 ulikuta glakoma kwa takriban watu 4 katika kila 100 wenye miaka 40 na zaidi.

Dawa ya bei nafuu inayotumika sana ni matone ya timololi. Tone moja linaonekana dogo, lakini halibaki jichoni. Hupita kwenye tundu la machozi hadi puani, likaingia kwenye damu bila kupita kwanza kwenye ini. Huko huweza kupunguza mapigo ya moyo na kubana kifua cha mwenye pumu. Mgonjwa anayemeza atenololi kwa ajili ya presha ya damu anakuwa ametumia dawa mbili za kundi moja, na kwa anayesafishwa damu kwa mashine, presha ya damu inaweza kushuka kupita kiasi. Kinga yake haina gharama: vuta kope la chini, weka tone moja, fumba jicho, kisha bonyeza kwa kidole kona ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika mbili. Kama kuna dawa ya pili ya matone, subiri dakika tano.

Vidonge vina hatari kubwa zaidi. Asetazolamidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Diamox, hupunguza utengenezaji wa maji ya jicho haraka, lakini mwili huitoa kwa njia ya figo. Figo zikiwa dhaifu, dawa hurundikana na damu hujaa asidi; mgonjwa huchoka, husinzia, hata kuchanganyikiwa, na ndugu wakadhani ni uzee. Kwa mwenye figo zilizoharibika sana, dawa hii haifai. Matone ya dorzolamidi, ya ukoo huohuo, nayo hayashauriwi kwake. Matone ya latanoprosti hayahitaji kupunguzwa dozi kwa sababu ya figo.

Aliyepandikizwa figo ana hesabu yake. Hospitali ya Muhimbili ilianza upandikizaji Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Ili mwili usiikatae figo mpya, wengi humeza prednisoloni, dawa inayoweza kupandisha shinikizo la jicho bila dalili yoyote. Kuiacha bila ruhusa ya daktari ni kuihatarisha figo. Kinachotakiwa ni kupimwa macho mara kwa mara. Kwa anayemeza siklosporini, dawa nyingine ya kuzuia figo mpya isikataliwe, asetazolamidi inaweza kuongeza kiwango cha dawa hiyo kwenye damu, na siklosporini ikizidi huidhuru figo ileile iliyopandikizwa.

Ipo tiba isiyopitia kwenye figo. Jaribio lililofanywa hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021 lililinganisha mwanga wa leza na matone ya timololi. Baada ya mwaka mmoja, leza ilikuwa imefanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, timololi kwa asilimia 31. Upasuaji wa kufungua njia mpya ya maji nao upo. Kwa mtu wa Kasulu, Moshi ni upande wa pili wa nchi, lakini nauli ya safari moja inafaa kupimwa dhidi ya chupa za matone za maisha yote.

Kwa hiyo, unapokwenda kliniki ya macho, usiseme tu "nina presha". Taja ni ya damu, ya macho, au zote. Beba dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na matone. Kabla ya kupokea Diamox, sema kama una shida ya figo na uliza kuhusu kreatinini, kipimo cha damu cha kuangalia figo. Na ukienda kliniki ya figo, taja matone ya macho hata kama hakuna aliyekuuliza.