Ukoo wa Kakira na Mikono Iliyokata Miwa

Katika milima ya Ngara, toka Murukulazo hata maungano ya Ruvubu na Kagera, utamu wa wazee wetu ulikuwa ni asali ya mizinga, ndizi iliyoivia mgombani, na muwa uliotafunwa njiani. Ama sukari nyeupe na peremende zilikuja baadaye, na aghalabu zilikuja ndani ya sanduku la kijana arejeaye kutoka Uganda. Kwa hiyo mtu atakaye kuijua taarikhi ya sukari katika nchi zetu hana budi kuanza na safari ya miguu.

Serikali ya kikoloni ilidai kodi kwa fedha taslimu, ilhali fedha katika Bugufi na Bushubi, sehemu za Ngara yetu, ilikuwa adimu mno; kaskazini, wakulima wa pamba na kahawa wa Buganda walikuwa wakitafuta vibarua, na tangu miaka ya 1920 watu wa Ruanda-Urundi na majirani zao wa upande wetu walishika njia kwa maelfu, wakalala maporini, wakauvuka mto Kagera, wakafika wakiwa wamekonda. Wengine walielekea mashariki, hasa baada ya mwaka 1944 ilipoundwa SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya katani ya kukusanya wafanyakazi. Lakini Uganda ilikuwa na jambo jingine la kuwavuta watu, nalo ni mashamba ya miwa ya matajiri wa Kihindi.

Nanji Kalidas Mehta alifungua kiwanda cha sukari Lugazi mwaka 1924. Mwenziwe, Muljibhai Madhvani, aliyezaliwa Gujarat mwaka 1894, aliwasili Uganda mwaka 1908 angali kijana, akahudumu katika biashara ya jamaa zake huko Busoga, kisha kampuni yao ikapata ardhi Kakira, mashariki ya Jinja, na kiwanda cha sukari kikaanza kazi mwaka 1930. Kutokana na sukari hiyo yakazaliwa mengine mengi: mafuta, sabuni, na peremende zilizouzwa vijijini senti kwa senti. Alipofariki Muljibhai mwaka 1958, wanawe, Jayant akiwa mbele yao, walirithi si kiwanda tu bali mji mzima: nyumba za wafanyakazi, shule, hospitali, na mashamba yasiyoonekana mwisho.

Nawastahi waliojenga shule na hospitali, kwa kuwa wapo matajiri wengi waliovuna wasijenge hata choo. Hata hivyo ni dhulma kuisimulia Kakira kana kwamba fadhila ilitoka upande mmoja. Daraja za watu zilikuwa dhahiri: Mhindi alishika daftari na usimamizi, Mwafrika alishika panga, na mshahara wa kila mmoja ulifuata daraja yake. Mkata miwa aliamka kabla ya jua, akapambana na majani yakatayo ngozi kama wembe, akapokea posho ya unga na ujira usiomwezesha kuwaleta mkewe na watoto. Wengi walikaa muda, wakarejea makwao, wakaja wengine. Mji ule ulisimama juu ya watu wapitao.

Hali hii haikuwa ya Afrika Mashariki pekee. Ukoo wa Cadbury wa Uingereza ulihamishia kiwanda chake cha chokoleti Bournville mwaka 1879, ukajenga baadaye kijiji chenye bustani kilichosifiwa ulimwenguni. Lakini sehemu ya kakao yao ilitoka kisiwa cha São Tomé, mikononi mwa watu walioletwa kutoka Angola katika hali ya utumwa, na mpaka mwaka 1909 ndipo walipoacha kuinunua. Bustani ya Bournville haikuufuta utumwa wa São Tomé, wala hospitali ya Kakira haikulipa deni lote la mkata miwa.

Jayant alifariki mwaka 1971. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, rais Idi Amin aliwapa Waasia siku tisini kuondoka Uganda; nduguye Jayant, Manubhai, alitiwa gerezani Makindye kabla ya kutoka nchini. Uganda, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 140,000 za sukari kwa mwaka kuelekea mwisho wa miaka ya 1960, ilifikia miaka ya 1980 ikiwa karibu haina sukari yake yenyewe. Mkono uleule uliowafukuza wenye Kakira ulitufikia sisi mwaka 1978: majeshi ya Amin yaliingia Tanzania katika eneo la Kagera, yakalibomoa daraja la Kyaka na kukipora kiwanda chetu cha sukari, na raia wakauawa au kukimbia.

Ukoo wa Madhvani ulirejea mwaka 1985, ukakifufua kiwanda kilichokwisha kuchakaa. Majina yao yamo vitabuni, na Manubhai aliandika kumbukumbu zake kabla ya kufariki mwaka 2011. Mkata miwa hana kitabu. Wenye umri wa kukumbuka njia za Uganda wanazidi kupungua Ngara, na walimu wa historia katika sekondari zetu wangewatuma wanafunzi wao kwa wazee hao, wawaulize walilala wapi njiani, posho ilipimwa kwa kipimo gani, aliyekatwa na panga alitibiwa na nani, na sukari ya kwanza waliyoileta nyumbani iligawiwa kwa nani.