Vidole Vitatu Kutoka Kifundoni

Mama alipotolewa thieta baada ya operesheni ya nyongo, kilichomtesa zaidi si kidonda. Ni kutapika. Kila tumbo likijikaza, nyuzi zinamvuta. "Afadhali ningebaki Ndabibi na maumivu yangu," akaniambia, mimi nimeshika beseni tu kama mjinga.

Mama wa kitanda cha pili ndiye aliyenionyesha. Pima vidole vitatu kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kisha bonyeza katikati ya zile kano mbili. Nikabonyeza. Baada ya muda akatulia, akalala. Nesi naye alikuwa ameshamdunga dawa, kwa hivyo siwezi kuvipa vidole vyangu sifa zote.

Wachina hupaita hapo Neiguan, lango la ndani, na wamepajua karne nyingi. Hata kwetu Afrika Mashariki utaalamu huu si mgeni: madaktari wa China walifika Zanzibar mwaka wa 1964, mwaka ule ule wa Mapinduzi, na Tanzania bara mwaka wa 1968. Akupancha ilikuja nao.

Magharibi walishtuka baadaye. Julai 1971 James Reston, mwandishi wa New York Times, alitolewa kidole tumbo huko Beijing. Watu hupenda kusimulia kwamba alipasuliwa kwa sindano za akupancha badala ya ganzi. Wapi! Ganzi alidungwa kama kawaida. Akupancha ilikuja baada ya upasuaji, tumbo lilipomsumbua usiku. Akaandika gazetini, Marekani ikawaka.

Lakini habari ya gazeti si ushahidi. Aliyeamua kupima jambo lenyewe ni John Dundee, profesa wa nusukaputi kule Belfast. Alikuwa ametembelea China akaona wajawazito wakifundishwa kubonyeza Neiguan ili wasitapike asubuhi. Akajiuliza, na wangu wanaotoka thieta je? Mwaka wa 1986 alichapisha matokeo ya wanawake waliofanyiwa upasuaji mdogo: waliochomwa sindano hapo walitapika kidogo kuliko wenzao. Baadaye akajaribu kubonyeza bila sindano. Ilisaidia pia, ila nafuu yake iliisha mapema.

Wengine wakafuata. Mwaka wa 2015 watafiti wa Cochrane walijumlisha majaribio 59 yenye watu zaidi ya 7,600. Kuchochea pale kifundoni, iwe kwa sindano, umeme mdogo au kidole, kulipunguza kichefuchefu na kutapika, karibu sawa na dawa zinazotumika kuvizuia. Wenyewe walikiri kwamba majaribio mengi hayakuwa imara, na hakuna aliyesema dawa zitupwe. Mgonjwa akitapika bila kukoma, mwite nesi kwanza, halafu ubonyeze mkimsubiri.

Siku ya kurudi nyumbani, barabara ilikuwa mashimo na vumbi. Nikageuka kumwangalia Mama kiti cha nyuma. Amefumba macho, kidole gumba kimekaza kifundoni, hadi Ndabibi.