Posho: Nani Hulipia Sahani ya Mwanafunzi Ugenini?

Mtanzania anayekwenda Kampala kusoma hulikuta huko neno lake mwenyewe likiwa na maana nyingine. Kwetu posho ni fedha anayolipwa mtumishi akisafiri au akiketi kikaoni. Kwa Waganda posho ni ugali. Nilipokuwa mwanafunzi huko nilikula posho na maharage vibandani Wandegeya, chini ya kilima cha Makerere. Siku za ukata nilikula kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharage.

Tofauti hiyo ya maana ina historia. Hapo awali posho ilikuwa mgawo wa chakula aliopewa mpagazi wa misafara, na baadaye kibarua wa enzi ya ukoloni, aghalabu unga wa mahindi. Waganda walibaki na chakula, sisi tukabaki na malipo. Chini ya maana zote mbili ipo kanuni moja: anayemhitaji mtu kwa kazi yake ana wajibu wa kumlisha.

Vyuo vyetu vilianza kwa kuifuata kanuni hiyo. Julius Nyerere alisoma Makerere kuanzia 1943 hadi 1945; Yoweri Museveni alisoma Dar es Salaam kuanzia 1967 hadi 1970. Wote wawili walikuwa ugenini, lakini katika enzi ambayo mwanafunzi alilala bwenini na kula katika ukumbi wa chuo. Madeni na masharti ya kurekebisha uchumi viliivunja enzi hiyo. Desemba 1990 polisi waliwaua kwa risasi wanafunzi wawili wa Makerere katika mgomo uliotokana na kufutwa kwa posho zao. Nchini Tanzania, sera ya kuchangia gharama za elimu ya juu iliingia mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Serikali ilipojiondoa jikoni, pengo lilizibwa na mama ntilie. Hakuna waraka uliomteua. Kinyume chake, chini ya sheria ya Nguvu Kazi ya 1983, wachuuzi wengi wasio na leseni walikamatwa na kuhesabiwa wazururaji.

Tunapousifu unafuu wa chakula chake, tuuchunguze. Sahani ni nafuu kwa sababu mpishi hajilipi mshahara, huamka kabla ya alfajiri, husaidiwa na wanawe bila ujira, na hukubali kuandika deni daftarini hadi mwanafunzi apate fedha. Kwa mgeni asiye na shangazi wala mjomba mjini, daftari hilo ndilo ukoo wake. Huo ni ruzuku ya elimu ya juu, nayo hutolewa na mtu ambaye huenda mwanawe hatafika chuoni.

Hapa Chapwa, katika mji wa Tunduma, vibanda vya namna hiyo hulisha madereva na wasafiri wa Tanzania, Zambia na Kongo. Ugali wetu Mzambia huuita nshima, na hushiba vilevile. Ndugu zangu watumishi wa halmashauri, wengi wenu mlisoma kwa sahani hizo. Msiwapelekee mama hao mgambo. Wapelekeeni maji safi, paa, choo, na mikopo ya asilimia 10 ambayo sheria imekwisha kuitenga. Waliwalisha mlipokuwa hamna posho, sasa mnayo.